Beta wangu amevimba tumbo na anaelea ubavu, naomba ushauri

Habari zenu wadau. Nina samaki aina ya beta, dume la buluu, anaishi peke yake kwenye tangi la lita 20 lenye hita na kichujio. Wiki hii tumbo limevimba, anaelea ubavu, na akijitahidi kuzama anarudi juu kama boya. Chakula anakitazama tu, na huyu kwa kawaida ni mlafi kweli.

Maji nimepima: amonia sifuri, nitriti sifuri, joto nyuzi 26. Magamba bado yamelala, nikimtazama kwa juu sioni yakisimama, kwa hiyo sidhani kama ni ule ugonjwa wa mwili kujaa maji, ambao ukifikia hapo kupona ni nadra. Nashuku choo kimefunga, maana anakula vidonge vikavu vya chakula cha samaki tu.

Chakula nimesimamisha kwanza. Je, nimwogeshe kwenye chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti, si chumvi ya mezani), na kwa kipimo gani kwa lita? Au nianze dawa ya bakteria? Hiyo naiogopa, baadhi huua hata bakteria wazuri wa kwenye kichujio. Halafu ubavu unaobaki nje ya maji unaanza kukauka, nao nifanyeje?