Tupeane uzoefu: simu, pawabenki na vidude vyetu ndani ya ndege

Mzururaji
Wakuu, salaam. Juzi nimekaa jirani na jamaa ambaye tangu milango inafungwa hadi magurudumu yanaacha ardhi alikuwa anaongea na simu, kaifunika kwa kofia. "Eeh, eeh, ndo tunaruka sasa." Mhudumu akipita, kofia inashuka mapajani. Akishavuka, kofia inarudi sikioni. Nimekumbuka mengi niliyowahi kuyaona huko juu kwa sababu ya hivi vidude. Waliopoteza, waliogombezwa, waliopigwa bili, mwageni hapa.

Kiti cha Dirishani
Hahaha, huyo wa kofia nimeshapanda naye mimi. Au wako wengi.

Bibi Safari
La bili ni langu. Au tuseme la mume wangu, maana mimi nilimwonya. Tumeshafika juu kabisa, yeye anaona simu inasoma mtandao, vijiti vimejaa. Akafurahi! "Unaona? Ndege za siku hizi zina mtandao." Akaanza kutuma picha za mawingu kwenye kundi la familia, kila wingu na picha yake. Tulipotua, meseji ya kwanza kuingia ilikuwa ya kampuni ya simu. Aliisoma, akaizima, akaiwasha tena kama vile tarakimu zingebadilika. Mpaka leo ukitaja mawingu anatoka sebuleni.

Mzururaji
Pole yake 😂 Lakini si kweli kwamba mtandao ulikuwepo?

Kipanga
Ulikuwepo, ila si wa bando lake. Baadhi ya ndege zina kimnara kidogo ndani kinachopeleka mawasiliano kwenye setilaiti. Emirates walianza kuruhusu abiria kupiga simu kwa njia hiyo mwaka 2008. Ukishika mtandao huo umeingia romingi, yaani unatumia mtandao wa kampuni nyingine, tena romingi ya bei mbaya, na bando lako halina habari nayo. Waifai ya ndege ni kitu kingine. Weka hali ya ndegeni (flight mode), kisha washa waifai peke yake kwa mkono. Hapo bei unaiona kabla hujakubali.

Bibi Safari
Haya nenda kamweleze mwenyewe, mimi nimechoka.

Asiyetishika
Mimi sijawahi kuzima na sizimi. Hizi ni hadithi za kutishia watoto. Kama simu ingekuwa inaangusha ndege, wangetuachia tuingie nazo? Wanatunyang'anya chupa ya maji, wanatuachia bomu mfukoni? Tumieni akili wakuu.

Mshona Nyaya
Mkuu, hakuna aliyesema itaanguka. Marufuku ya Marekani ya 1991 ya kutumia simu za mkononi ndegeni ilitolewa na FCC, ambao ni wasimamizi wa mawasiliano, si wa usafiri wa anga. Hofu yao kubwa ilikuwa minara ya chini. Simu ikiwa juu inaiona minara mingi kwa mpigo, na ndege inakimbia karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo kabla mnara mmoja haujaishika imeshafika kwa mwingine. Nayo simu inazidi kuongeza nguvu ya mawimbi ikitafuta pa kushika. Ndiyo maana ukisahau kuizima unatua betri imeisha.

Halafu kuna kero ya rubani. Wale wa zamani mnakumbuka ukiweka simu karibu na redio, kabla haijaita, spika inalia trrr-tit-tit-tit? Basi mlio ule ule unaweza kuingia kwenye hedifoni za rubani wakati anasomewa maelekezo na waongoza ndege. Ndege haianguki, lakini mtu anayetafuta njia ya kutua ndani ya ukungu hahitaji tit-tit yako sikioni.

Asiyetishika
Mbona Ulaya wanaruhusu kuwasha? Jibu hilo.

Mshona Nyaya
Umesoma nusu. Oktoba 2013 Marekani waliruhusu kutumia vifaa vidogo tangu mlangoni hadi mlangoni, ila katika hali ya ndegeni. Ulaya wakafuata mwaka huo huo, na 2014 wakaongeza kwamba hata simu isiyo katika hali ya ndegeni inaweza kuruhusiwa, LAKINI kampuni ya ndege lazima ipime ndege zake kwanza na kuthibitisha haziathiriki. Ndiyo maana kila kampuni ina lake. Anayekwambia ni mhudumu wa ndege uliyopanda, si mimi wala wewe.

Na Januari 2022 Marekani safari kadhaa zilifutwa kwa sababu ya 5G. Masafa mapya yalikuwa jirani na yale ya kifaa kinachopima ndege iko umbali gani kutoka ardhini. Hiyo ilikuwa minara karibu na viwanja, si simu ya abiria. Ila utaona watu wa ndege hawachezi na mawimbi.

Asiyetishika
Nenda kafundishe chuo. Nilichosikia mimi ni "haianguki".

Mama Pacha
Nyinyi wawili tokeni nje mkamalizane. Mnaojua kero ya kweli ni sisi tunaokaa karibu na mtu anayeangalia video bila hedifoni. Sauti ya juu, kicheko cha juu, halafu ukimwangalia anakugeuzia kioo ili na wewe uone!

Kiti cha Dirishani
Huyo wa kukugeuzia kioo ana roho nzuri lakini 😂😂

Abiria wa Nyuma
Sikutaka kuandika ila mmenikumbusha. Hapo mnagombana juu ya mawimbi, mimi nilichoona hakikuwa mawimbi.

Ilikuwa safari ya usiku, taa zimezimwa, watu wamelala vinywa wazi. Nimekaa safu za nyuma, upande wa njia. Kwanza ilikuja harufu. Haikuwa ya kuni wala ya waya ulioungua. Ni kali na tamu-tamu, inakwaruza koo, kama mtu kafungua chupa ya rangi ya kucha puani mwako. Jirani yangu akasema kuna mtu kavuta sigara chooni. Mara tukasikia paf! Mlio mdogo tu. Kabati la mizigo la juu, safu chache mbele yetu, likaanza kutoa moshi mweupe kwenye upenyo wa mlango.

Watu wakisikia moto hawakimbii, wanasimama. Tulisimama wote, njia ikaziba. Mhudumu mmoja alitokea jikoni na kizimamoto mkononi, anapiga kelele "Kaeni! Kaeni!" huku anatusukuma vifuani bila hata samahani. Akagusa mlango wa kabati kwa nyuma ya kiganja. Akaufungua kidogo tu, akapenyeza mdomo wa kizimamoto, akapuliza, akafunga. Akasubiri. Akafungua tena. Moto umezimika. Tukapiga makofi, wajinga sisi.

Likashushwa begi dogo la mgongoni. Ndani pawabenki imevimba, ubavu umepasuka, na kwenye ule mpasuko kunang'aa wekundu. Ikawaka tena mbele ya macho yetu. Hapo ndipo wahudumu walipoanza kuimwagia maji, chupa baada ya chupa. Maji ya karibu yalipoisha wakamwaga juisi, wakamwaga soda. Abiria mmoja mwenye nia njema akaja na ndoo ya barafu, mhudumu akaisukuma kwa kiwiko ikamwagika yote. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema barafu inaifunika betri, joto linabaki ndani, na seli iliyoungua inaichoma ya jirani yake. Kizimamoto kinaua mwali, lakini kinachoipoza betri ni maji mengi.

Wakaitia kwenye mfuko maalumu mzito, wakaupeleka nyuma kabisa, mmoja akakaa kuulinda. Rubani akatangaza tunatua uwanja wa karibu. Kikohozi ndege nzima, watoto wanalia, sakafu imelowa juisi inanata viatuni.

Na mwenye begi? Alikuwa amelala muda wote, hedifoni masikioni. Aliamshwa mambo yamekwisha. Akatazama juu, akatazama begi, neno lake la kwanza: "Pasipoti yangu iko humo."

Kiti cha Dirishani
PASIPOTI 😭😭😭

Mama Pacha
Ndege nzima inakohoa, yeye pasipoti! Lakini ikawaje, iliungua?

Abiria wa Nyuma
Kingo zilijikunja na kurasa zikagandana kwa juisi. Picha ilionekana. Alikuwa anaipepea mpaka tunatua.

Kipanga
Huko uhamiaji alisemaje jamani? "Samahani afande, hii ni juisi"?

Mzururaji
Wakuu, mada isigeuke pasipoti.

Mama Pacha
Imeshageuka.

Mhudumu Mstaafu
Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, na huyo mwenzangu wa kizimamoto alifanya sawasawa, hata hiyo ya kugusa mlango kwanza. Wengi mnadhani tunakuja kuwasumbua kuhusu mawimbi. Siku hizi kinachotunyima usingizi ni betri za lithiamu. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado ardhini huko Korea Kusini. Watu wote 176 walitoka, lakini paa la ndege liliteketea. Moto ulianzia kwenye kabati la mizigo na wachunguzi wakaitaja pawabenki kama chanzo kinachowezekana. Machi iliyofuata Korea Kusini wakapiga marufuku kuziweka makabatini. Kaa nayo pale unapoiona.

Kimbelembele
Si mngeziweka tu kwenye mabegi yanayoshushwa tumboni mwa ndege? Huko hata ikiwaka haitusumbui.

Mhudumu Mstaafu
Huko ndiko HAIRUHUSIWI kabisa. Nani atakuwepo kuimwagia maji?

Kimbelembele
Aah. Sawa.

Mshona Nyaya
Na wanaouliza ukubwa: mpaka wa kawaida ni wati-saa 100 (kipimo cha umeme unaotunzwa na betri). Chukua mAh, ile namba ya ujazo iliyoandikwa kwenye pawabenki, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Ya 27,000 inagusa mpaka. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa kwa kampuni ya ndege. Zaidi ya hapo, iache nyumbani.

Asiyetishika
Mwalimu karudi na hesabu.

Mshona Nyaya
Hesabu hiyo haikuhitaji chuo.

Bibi Safari
Mimi nawashauri msibebe kabisa. Chaji simu yako ijae, lala.

Kipanga
Ushauri mbaya huo Bibi. Tiketi iko kwenye simu, ramani kwenye simu, hoteli kwenye simu. Ikizima umefika nchi ya watu huna hata jina la mtaa. Beba, ila usichajie ndani ya ndege.

Kimbelembele
Kwani nikichajia kwenye tundu la kiti?

Mhudumu Mstaafu
Simu kwenye tundu la kiti sawa. Tunachokataa ni pawabenki yenyewe kufanya kazi humo, na kampuni kadhaa zimeshakataza rasmi. Na simu ikikuponyoka ikaingia katikati ya kiti, USISOGEZE KITI. Bonyeza kengele utuite. Kuna bwana mmoja aliamua kujisaidia mwenyewe, akaulaza mgongo wa kiti ili aione vizuri. Vyuma vikaitafuna. Ilianza kufuka hapo hapo chini ya makalio yake.

Kiti cha Dirishani
Huyo alisimama haraka naamini.

Mhudumu Mstaafu
Karibu asimame bila kufungua mkanda.

Kipanga
Kuna aina moja ya simu, Samsung Galaxy Note 7, betri zake zilikuwa zinawaka moto, ilifikia mahali Oktoba 2016 Marekani wakaipiga marufuku ndani ya ndege zote. Hata kama imezimwa. Wenye nazo walikwama viwanjani.

Mzururaji
Basi na mimi niwape ya kutuliza. Januari 2024 ndege ya Alaska Airlines ilipong'oka kipande cha ubavu, simu ya abiria ilifyonzwa nje toka futi 16,000. Ikaokotwa pembeni ya barabara. Kioo kizima, betri nusu, bado iko katika hali ya ndegeni. Abiria wote walitua salama.

Mshona Nyaya
Unaona Asiyetishika? Hata simu iliyotupwa nje ilitii.

Asiyetishika
Hiyo ni kwa sababu ilianguka kwenye majani. Na mbona yangu ikidondoka toka kitandani inapasuka?

Mama Pacha
Kwa sababu huweki hali ya ndegeni 😂

Kimbelembele
Saa zile za mkononi za kisasa je? Na kile kifaa kidogo cha kufuatilia begi?

Mhudumu Mstaafu
Saa vaa tu. Kifaa cha begi betri yake ni ndogo mno, kinaruhusiwa hata kikiwa kwenye begi la chini. Sigara ya umeme ndiyo hukaa nawe ndani, na hairuhusiwi kuvutwa wala kuchajiwa. Msijaribu chooni, king'ora kinasikia.

Abiria wa Nyuma
Mhudumu, nilisahau kuuliza siku ile. Ule mfuko mlioitia, mlipotua mliufanyaje?

Mhudumu Mstaafu
Tunawakabidhi zimamoto wa uwanja. Sisi hatuufungui. Betri inaweza kukaa kimya ukadhani imekufa, kisha ikawaka upya.

Asiyetishika
Mhudumu, swali. Pawabenki yangu maandishi yamefutika yote, haisomeki ni ya ngapi. Na upande mmoja imekuwa kama inatuna. Itapita?

Mhudumu Mstaafu
Isiyosomeka wengi wanainyang'anya ukaguzini. Inayotuna usipande nayo hata basi.

Mama Pacha
Kumbe kuna kitu kinakutisha.

Asiyetishika
Sijatishika. Nimeshaitoa nje ya nyumba tu.