Naomba ushauri: Wakristo walionunua cheti wasiuawe, walimkana Yesu?
Wapendwa habari zenu. Nafundisha vijana kanisani na mwezi huu tuko kwenye mateso ya Wakristo wa kwanza, Petro na Yohana mbele ya Baraza tulipita vizuri tu, shida imekuja mwaka 250 kwa Kaisari Decius wa Roma. Huyu aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa ndo wapewe cheti, na vyeti vingine vya mafunjo vimepatikana Misri, mtu anaandikisha kabisa kwamba amemwaga kinywaji na ameonja nyama ya sadaka, afu shahidi anasaini. Sasa kuna Wakristo walitoa hela wakapata cheti bila kutoa sadaka yoyote. Binti mmoja kaniuliza, mwalimu na hao walimkana Yesu? Nilikwama, darasa zima kimya wananiangalia. Najua Askofu Cyprian wa Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, alitaka watubu kwanza ndo wapokelewe tena kanisani, ila na yeye kipindi kile alijificha, akaja kuuawa mwaka 258. Sitaki kuwahukumu watu waliokuwa wanaokoa watoto wao, wala sitaki vijana waone kukana ni kitu kidogo. Nyie mngemjibuje? Kipindi ni Jumapili hii.