Msaada jamani, kivuli cha turubai kwenye diko letu: la mwanzo limeng'olewa na Kusi, tusirudie kosa

MtuWaDiko
Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie ni katibu wa kamati ya diko moja, pale samaki wanaposhushwa na kunadiwa, huku kaskazini Pemba, wilaya ya Micheweni. Kina mama wanaonunua samaki wanakaa juani toka saa mbili asubuhi mpaka mnada umalizike, na samaki nao wanapigwa jua mpaka macho yanaingia ndani, bei ndo inashukia hapo hapo. Mwaka jana tulichanga tukanunua turubai kubwa la lori, fundi akasimamisha bomba nne za inchi 2 akalifunga bapa kama meza, mita 12 kwa 15. Lilikaa miezi mitatu tu. Masika yalijaza maji katikati likawa tumbo, tukawa tunalisukuma na upondo kila asubuhi, kisha mwezi wa sita upepo wa Kusi uliposhika likapigapiga usiku kucha siku mbili, kona moja ikang'oka na bomba likaanguka likampiga kijana begani. Alhamdulillahi amepona, lakini sijatulia tangu siku ile kwa sababu aliyetia saini ile kazi ni mie.

Sasa tumepata fedha tena. Fundi mwengine katupa makisio ya milioni 9, turubai zito zaidi, bomba inchi 3, mashimo ya futi 2, anasema safari hii atalikaza sana halitopiga. Tukubali? Na kuna mwenzetu anasema tutie ile shedineti ya wakulima, yaani neti ya kivuli, rahisi. Naombeni ushauri wenu, hii ni hela ya watu.

chuma_na_zege
Waalaykum salaam. Usikubali kaka, nakuomba. Pole kwa kijana.

Nakupa hesabu moja tu uende nayo kwenye kamati. Upepo wa mita 30 kwa sekunde (kilomita 108 kwa saa) unasukuma kilo 55 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Lenu ni mita za mraba 180, kwa hiyo ni karibu tani 10. Na upepo ukizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne, si mbili. Mtu atasema huku hakuna vimbunga. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja takriban yote, na Hidaya juzi tu, Mei 2024, kilifika Mafia. Hata bila kimbunga, ngurumo moja ya masika inakuja na pigo la upepo la dakika tano na hizo dakika tano zinatosha.

Sasa shimo la futi 2 linashika nini hapo? Zege lina tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo. Nguzo ya mita 4 inayovutwa kileleni ni mtaimbo, inataka kuung'oa msingi wake wenyewe. Kwa kivuli cha kiasi hicho usishangae injinia akikwambia kila nguzo msingi wa mita moja kwa moja, kina mita moja na nusu, na kwenu kama ni mchanga mtupu basi zaidi. Hela nyingi ya kivuli iko chini ya ardhi na kwenye kona, kitambaa ndo rahisi kuliko vyote. Fundi anayekuanzia na bei ya turubai kaanza nyuma.

Na hilo la kukaza sana ndo linaua nguzo. Angalia kamba ya kuanikia nguo: ukiiacha ilegee kidogo inabeba kanga kumi, ukitaka inyooke kabisa unavuta mpaka msumari unatoka ukutani. Turubai bapa ni hivo hivo.

BabaAlishonaTanga
Mie baba yangu alikuwa mshona tanga Mkoani, nimekulia kwenye marudufu na sindano, kwa hiyo ntasema ninalolijua. Mwanangu, nyie hamkujenga paa, mlisimamisha tanga bila ya nahodha. Tanga la jahazi halijawahi kushonwa bapa, linapewa tumbo na pembezoni linatiwa kamba ndani ya pindo, kwa sababu kamba ndo inayobeba, kitambaa kinashika upepo tu. Tanga likishonwa vibaya utalisikia linapigapiga, na linalopigapiga halimalizi msimu, hata lingekuwa la nguo nzito vipi.

Kivuli chako ni kinyume kidogo, kisiwe na tumbo moja bali kipinde huku na huku. Kona mbili zinazotazamana kwa mshazari ziende juu, mbili nyengine zishuke chini. Hapo kitambaa kinavutana chenyewe kwa chenyewe, upepo ukisukuma chini mstari mmoja unabeba, ukinyanyua mwengine unabeba, na maji hayana pa kukaa. Kwa mita 10 usipungue mita 2 baina ya kona ya juu na ya chini. Pindo nazo zikatwe ziingie ndani kama mwezi mchanga, mita 10 iingie kama mita moja, ndani ipite kamba ya waya. Ukiona mtu anakata pindo zilizonyooka mwambie apumzike.

Uzi muulize mapema. Jua linakula uzi kabla ya nguo. Nyuzi za nailoni za cherehani zitaoza na turubai lingali zima.

hajjat_wa_wete
Mashaallah baba umenikumbusha. Waliokwenda Madina wameona ile miavuli 250 kwenye uwanja wa Msikiti wa Mtume, inafunguka asubuhi na jioni inajikunja. Na Jeddah pale kituo cha mahujaji cha uwanja wa ndege, mahema 210 meupe tangu 1981, yamechongoka na juu yameachwa wazi joto litoke. Nilikaa chini yake masaa na jua la kule unalijua, hewa inapita. Hamna hata moja lililolala bapa.

mwl_chakechake
Naongeza jambo ambalo skuli kwetu tulilikosea. Tulipima kivuli saa sita mchana, kikakaa sawa juu ya mabenchi. Asubuhi watoto wote wako juani, kivuli kiko kwa jirani. Mnada wenu ni saa mbili saa tatu si ndiyo? Saa tatu jua liko nyuzi 40 hivi, kwa hiyo kitambaa kilicho mita 4 juu ya ardhi kivuli chake kimesogea karibu mita 5 upande wa magharibi. Nguzo zenu zisogezeni mashariki. Chukua mti wa mita 4, usimamishe pale kwa wiki, kila asubuhi tia jiwe kivuli kinapoishia. Na mwezi wa sita jua liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili limehamia kusini, kwa hiyo muache nafasi.

makuti_ndo_asili
Kwa nini msijenge banda la makuti? Baridi, rahisi.

MtuWaDiko
Makuti tulikuwa nayo zamani kaka, yanataka nguzo nyingi katikati na hapa vijana wanapita na mitumba ya nyavu na milingoti mabegani. Ndo maana tunataka pawe wazi. Na pia wanachoma samaki jirani, moto naogopa.

Shukran sana wote, kwa kweli nimesoma huku moyo unanidunda. Sasa shedineti au turubai?

chuma_na_zege
Inategemea unakimbia jua au mvua. Neti inapitisha hewa na haikai maji, kwa diko la asubuhi mie ningechagua hiyo. Lakini si ile ya wakulima, ni nyepesi mno. Tafuta ile nzito iliyofumwa, gramu 340 kwa mita ya mraba, ya kazi ya vivuli, uzi mmoja ukikatika haifumuki yote. Mkitaka mvua isipite basi turubai la plastiki ya PVC la gramu 650 kwenda juu, ila mwinuko uwe mkali zaidi. Sentimita 10 za maji kwenye mita 20 za mraba ni tani 2, lile tumbo mlilosukuma na upondo lilikuwa gari juu ya vichwa vya kina mama.

Msifanye moja la 180. Fanyeni matatu ya 60, yamepishana kidogo. Likichanika moja mawili yapo, na vijana wanne wanaweza kulishusha.

Chumvi sasa. Vyuma vichomelewe kwanza vyote ndipo vichovywe zinki, ukichomelea baadaye umeshaiunguza zinki na kutu inaanzia hapo hapo. Bolti, pingu na skurubu za kukazia waya ziwe stenlesi ya daraja la 316, hiyo ya 304 pwani inatoka madoa. Pale stenlesi inapogusa chuma cha zinki tieni washa ya plastiki. Na nakuomba, mchanga wa zege usichotwe ufukweni. Chumvi inakwenda kula nondo ndani na nje huoni kitu mpaka siku nguzo inalala.

BabaAlishonaTanga
Hilo la kulishusha ndo kubwa mwanangu. Nahodha akiona wingu anateremsha foromali, ile boriti inayobeba tanga, hangoji. Nyie nani atashusha? Mchagueni mtu kwa jina, spana ikae kwake, na mkishasikia tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa turubai lishuke mchana, si usiku wa manane. Kusi ikishika mwezi wa sita kagueni kona kila Ijumaa baada ya sala.

MtuWaDiko
Narudi kuwapa habari. Jana nimekata fulana ya mtoto inayovutika, nikachomeka vijiti vinne mchangani mbele ya kamati, viwili virefu viwili vifupi, nikaifunga. Kwanza nikaiweka bapa nikamwaga kikombe cha maji, ikawa tumbo. Kisha nikanyanyua kona mbili, maji yakakimbia yote. Mzee mmoja ambaye ndo alikuwa anamtetea yule fundi akakaa kimya, kisha akasema tumtafute injinia achore kabla ya kutoa hata senti. Sheha kakubali kutupeleka halmashauri wiki ijayo kwa kibali. Tutaanza na moja la mita 60 za mraba na misingi mikubwa, mengine tutaongeza inshaallah.

Swali la mwisho. Kona ya chini iwe urefu gani? Vijana wanapita na milingoti.

chuma_na_zege
Mita 2.5 isipungue, na kona za chini zikae upande ambao hawapiti. Nguzo zote zilale nje kidogo, nyuzi 5 mpaka 10, zisisimame wima. Mchoro ukitoka utume hapa niuangalie kabla hamjachimba.

MtuWaDiko
Ntautuma. Yule kijana wa begani kaomba yeye ndo akae na spana.