Naombeni ushauri: wamishenari wetu na kanisa tumebaki kutumiana ripoti tu
Wapendwa bwana asifiwe, mi niko kamati ya misheni kanisani kwetu, tuna familia ya wamishenari tunaisapoti lakini ukweli washirika wengi hata sura zao hawazijui, ni ripoti na hela basi. Sasa nimewaza tuwe tunaabudu nao pamoja laivu mara moja kwa mwezi, wao waongoze hata pambio la lugha ya kule na sisi tuwaombee kwa majina, maana hata Antiokia kwenye Matendo 13 watu walikua ibadani na kufunga ndo Paulo na Barnaba wakatumwa, na sura ya 14 wakarudi kusimulia. Shida intaneti yao inakatakata na mchungaji anaona itavuruga ibada. Mliojaribu mlifanyaje? Turekodi tu?