Nawafundishaje watoto wasiue buibui wa ndani?

MamaE_Entebbe: Habari zenu wakubwa. Nina watoto wawili, mmoja nasari, mwingine darasa la pili. Wakiona buibui ukutani ni kelele na ndala juu. Nataka wazoee kuishi na vijidudu bila kuua hovyo. Nianzie wapi? Usingizi sipati.

Fundi_Jinja: Usingizi ukupotee kwa sababu ya buibui? Kuna kitu hujasema.

Haji_Bombo: Buibui ana heshima yake, sura ya 29 ina jina lake. Madrasa kwetu ukimuua, ustadhi anakuuliza, "Alikula chakula chako?" Watoto wa siku hizi hata salamu hawajui.

Mwana_wa_Ziwa: Waonyeshe kazi yake. Kuna mdogo anayerukaruka, uso mwekundu, wataalamu walimpa jina Evarcha culicivora mwaka 2003. Yuko huku kandokando ya Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya. Anachopenda ni mbu aliyeshiba damu, maana mwenyewe hawezi kumfyonza mtu. Wangu humtazama kwenye pazia akinyemelea: anasogea, anatulia, anasogea tena, mara karuka. Ndala zimepumzika. Buibui mkubwa anayewatisha mfunike kwa glasi, pitisha karatasi chini, mtoe nje.

Mukwano_256: Na mende? Naye tumtandikie kitanda?

Mwana_wa_Ziwa: Mende anatoka chooni anapita kwenye sahani. Funika chakula, ziba nyufa.

Fundi_Jinja: MamaE, narudia. Kumetokea nini?

MamaE_Entebbe: Haya. Mdogo ameamka na malengelenge shingoni, yamejipanga mstari. Mama mkwe anasema amekojolewa na buibui na kosa ni langu, nilificha ufagio nikakataza dawa ya kupuliza. Ni kweli nilikataza na sirudi nyuma, watoto wanaivuta hiyo dawa usiku kucha. Sasa anasema Jumamosi anamchukua mtoto kumpeleka kwake Arua.

Nesi_Masaka: Buibui anasingiziwa. Kuna kadudu kembamba, kekundu na keusi, wengi wanakaita nairobi flai. Hakaumi. Maji yake ndiyo yanaunguza kakipondwa kwenye ngozi, na malengelenge hayatoki papo hapo, ndiyo maana mnamshika asiyehusika. Kanafuata taa usiku. Kakitua mwilini kapulizeni kaende, msikapige. Kakishapondeka, osha kwa sabuni na maji haraka, mkono usiguse jicho. Yakifika jichoni, nendeni kituo cha afya. Hilo ndilo somo la kwanza kwa watoto wako: anayepiga ndiye anayeungua.

Mukwano_256: Subirini kwanza. Si huyu aliyekuwa akitafuta chumba Kajjansi, "sina mume wala mtoto"? Leo mama mkwe katoka wapi? Hadithi ya kutunga hii.

Haji_Bombo: Nilihisi. Aya ya 41 inasema nyumba dhaifu kupita zote ni ya buibui. Na hii imejengwa hivyo hivyo.

MamaE_Entebbe: Aliyeandika ni mdogo wangu, alikuwa na simu yangu. Amini usiamini.

Fundi_Jinja: Hata kama katunga, mimi nimejifunza. Mwaka jana nilikaponda hako kadudu shavuni, nikamlaumu mke kwa sabuni mpya.

Mukwano_256: Weka picha ya shingo.

MamaE_Entebbe: Shingo ya mtoto siweki mtandaoni. Nesi, asante, taa ya baraza nimezima. Dawa bado sipulizi.

Boda_Mbarara: Samahanini kuingilia. Hao buibui wa mbu wanauzwa wapi?