Klia inaota weupe kwenye vigari vya 1:64: naomba mbinu za vifaa vya kujitengenezea

kibaraza_kgb:
Habari za jioni wakuu. Nina bodi tatu za chuma za Datsun 240Z, kipimo cha 1:64. Nataka zivae rangi za gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971: nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa. Natumia makopo ya kupuliza ya laka: praima ya kijivu, nyekundu, halafu klia (laka ya juu isiyo na rangi). Kazi inafanyika kibarazani, Kigamboni, jua likishazama.

Nyekundu inakaa vizuri. Nikipiga klia, ndani ya dakika tano inaota weupe kama maji ya mchele, hasa juu ya paa. Vumbi nalo linatua rangi ikiwa mbichi. Bodi naibana na kibanio cha nguo dirishani, kinaacha alama. Mstari wa boneti unatoka na meno kwa sababu nyeusi inapenya chini ya tepu. Kompresa sina. Nina maboksi, feni ya kompyuta ya milimita 120, drili ndogo na chupa tupu. Wazoefu mnafanyaje?

fundi_riveti:
Mkuu, tuanze na kushika. Zile nguzo mbili ndani ya bodi, zilizokuwa na riveti, ndizo mpini wako. Toboa kila moja kwa biti ya milimita 1.6, kina milimita 5 hadi 6, kisha kata uzi wa skrubu ya M2 (ya milimita 2) kwa tapu, kifaa cha kuchonga uzi ndani ya tundu. Zamaki, aloi ya bodi hizi, ni laini lakini inang'ang'ania tapu: tia tone la mafuta ya cherehani, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Ukilazimisha, tapu inakatikia ndani na nguzo imeharibika.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza mchanga theluthi. Toboa kizibo, pitisha skrubu ndefu ya M2 kutoka ndani yake, uifunge kwenye nguzo. Sasa unageuza bodi pande zote bila kuigusa, na ukimaliza inasimama yenyewe. Baadaye chasisi utaifunga kwa skrubu fupi za M2. Kwenye laptop mbovu zimejaa, fundi kompyuta atakupa bure.

Kwa ambao bado hawajatoa riveti: biti ya 3 kwanza, kushika kati, kisha ya 5 au 6 kula ule ukingo tu. Chasisi ikilegea, acha hapohapo. Ukizidisha, nguzo inafupika na chasisi itacheza.

Na jambo moja nawaomba sana: msivue rangi ya zamani kwa kostiki soda ya sabuni. Zamaki kwa sehemu kubwa ni zinki, na kostiki inaila zinki huku ikitoa hidrojeni. Bodi inatoka nyeusi, ina vitundu. Tumieni rimuva ya mafundi rangi wa magari, nje ya nyumba, na glovu, kisha sabuni ya vyombo na mswaki.

Msasa2000:
Weupe huo ni maji, kaka. Thina ikiyeyuka inaondoka na joto la bodi. Bodi inapoa kuliko hewa, mvuke wa hewani unageuka umande juu ya klia mbichi. Paa ndilo linaloonyesha zaidi kwa kuwa hapo klia ni nyingi. Na umechagua saa mbaya kabisa: ukanda wa pwani unyevu unapanda jua likizama. Fanya kazi kati ya saa sita na saa tisa mchana. Wakati wa masika vumilia mpaka ipatikane siku kavu. Vipima unyevu vidogo vya betri si ghali. Kikisoma zaidi ya 70%, usishike klia.

Kisha pasha bodi. Kausha nywele dakika mbili, au ianike juani, mpaka iwe vuguvugu mkononi bila kuunguza. Bodi yenye joto kuliko hewa haishiki umande. Kopo nalo liweke dakika 10 kwenye beseni la maji ya nyuzi 35 hadi 40. Maji ya kuchemka hapana, kopo linaweza kupasuka. Gololi ya ndani ya kopo ikianza kulia, endelea kutikisa dakika mbili.

Puliza kwa sentimita 15 hadi 20. Anza nje ya bodi, malizia nje ya bodi. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, subiri dakika 10, wa pili vilevile, wa tatu ndio wa kulowanisha. Ukisogea karibu inachuruzika. Ukikaa mbali matone yanakauka njiani na uso unakuwa kama ganda la chungwa.

Zile zilizoota weupe usizivue. Siku kavu zipashe, zipige ukungu mwepesi wa klia ileile. Thina yake inalainisha ya chini na unyevu unapata njia ya kutoka.

kibaraza_kgb:
Asanteni sana, hilo la saa sikulijua. Vumbi je? Nimefikiria boksi lenye feni nyuma, na gazeti lililolowa chini ili linase vumbi. Halafu balbu ndani ya kukaushia.

nuru_tanga:
Gazeti lililolowa ndani ya boksi ni kurudisha unyevu uleule unaoukimbia. Nyunyizia maji sakafu ya kibaraza nusu saa kabla, iache inywe, kisha usiburuze viti wala kufagia.

Kuhusu feni najua wengi watapinga, lakini kwa rangi za kopo iache. Kopo linatoa ukungu mwingi kuliko feni ya 120 inavyovuta. Unaobaki unarudi na kukaa juu ya bodi kama unga. Tena gesi inayosukuma rangi mara nyingi ni butani na propani, zinawaka. Feni ya kompyuta haina brashi za kaboni, ila waya mmoja uliolegea unatosha kutoa cheche. Itunze, ukinunua eabrashi (kipulizia kidogo cha kompresa) itakufaa, na maungio ya waya yawe nje ya boksi.

Sasa hivi chukua boksi la upande wa sentimita 40, kata uso wa mbele na wa nyuma, acha fremu ya sentimita 5. Nyuma tandaza kipande cha chandarua kuzuia wadudu. Kaa upepo uwe mgongoni mwako, ukungu upite moja kwa moja. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ya kitambaa haizuii thina.

Mkono wa mwisho ukiisha, funika chupa na bodi yake kwa ndoo safi ya lita 10 iliyogeuzwa. Iinue kwa sarafu tatu, kwa sababu mvuke wa thina ni mzito, hutokea chini. Hiyo ndiyo kinga ya vumbi inayofanya kazi kweli. Balbu ya wati 25 inakubalika, lakini bodi ikae saa nzima kwanza kabla ya kuingia kwenye boksi la balbu. Rangi mbichi, boksi na balbu ni moto. Joto lisizidi nyuzi 45.

Punje itakayopenya, isubiri siku mbili, iguse kwa msasa wa maji namba 2000 uliobandikwa kwenye kijiti cha aiskrimu, na tone la sabuni. Kaa mbali na kingo: kwenye 1:64 rangi ya ukingo ni nyembamba mno, chuma kinachungulia kwa misuguo michache.

chorachora:
Nadhani kuna kosa la mpangilio hakuna aliyeligusa. Ukipiga klia mwisho, juu ya kila kitu, boneti nayo itang'aa. Nyekundu, klia, iache ikauke mpaka ukinusa huisikii (saa 24 ni kiwango cha chini), ndipo uzibe na kupiga nyeusi.

Tepu ya karatasi usiitumie na ukingo wake wa dukani, huo ndio wenye meno. Ibandike juu ya kigae, weka rula ya chuma, kata ukanda wa milimita 2 kwa wembe mpya. Ukanda mwembamba unafuata mkunjo wa boneti. Pengine pote ziba kwa vipande vipana. Sugua ukingo kwa kijiti cha meno kilichobutuliwa, hasa pale unapovuka mfereji wa boneti.

Kabla ya nyeusi, puliza ukungu wa klia juu ya ukingo wa tepu. Kinachopenya chini kitakuwa klia, hakionekani, na mwanya umeshazibwa. Dakika 15, kisha nyeusi mikono miwili myembamba. Vua tepu nyeusi ikiwa haijakakamaa, kama dakika 20, ukiirudisha nyuma juu yake yenyewe. Ukiivuta kwenda juu inang'oa rangi.

Kwa fremu za madirisha na taa, puliza rangi kupitia mrija ndani ya chupa ndogo ya dawa. Iache wazi nusu saa gesi itoke, la sivyo kizibo kitaruka. Chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa, inua. Usiburute.