Ohio State na Michigan: ule mpango wa kupita katikati ulikuwa sahihi?

Fundi wa Columbus: Wakuu, hadi leo sijapata jibu la kuniridhisha. Novemba 30, 2024, futiboli ya Marekani ya vyuo, Michigan wanakuja kwetu Ohio State wameshinda mechi 6 na kupoteza 5. Sisi tumepoteza moja tu, kwa Oregon, tena kwa pointi moja. Tuna Jeremiah Smith, Emeka Egbuka na Carnell Tate wa kupokea pasi. Beki wao bora wa pembeni, Will Johnson, ni majeruhi. Sisi tunaupeleka mpira katikati, pale pale waliposimama walinzi wao wazito, Mason Graham na Kenneth Grant. Mbio 26, yadi 77. Tunafungwa 13–10 nyumbani, na kipindi cha pili chote hatukupata hata pointi. Mpango ule ulikuwa sahihi au la? Naomba tujadili mpango, si mengine.

Mama Zawadi: Haukuwa sahihi, na mtu asiupambe. Graham na Grant wote walichukuliwa raundi ya kwanza timu za NFL, ligi ya kulipwa, zilipochagua wachezaji wa vyuo miezi mitano baadaye. Ukishawaona watu wa namna hiyo wamekaa katikati, unatafuta njia nyingine. Mwanangu ana miaka 16, anacheza safu ya mbele shuleni kwao, na aliliona hilo robo ya kwanza tu.

Mwana Ann Arbor: Kila mwaka mna sababu. 2021 ilikuwa 42–27, 2022 ikawa 45–23, 2023 30–24, kisha hiyo 13–10. Mara baridi, mara majeruhi, sasa mpango. Tuliwazidi ubavu, basi.

Kipanga: Hizo tatu za mwanzo mlikuwa na yule jamaa wenu wa kupeleleza ishara za makocha wapinzani. Usizihesabu hapa.

Mwana Ann Arbor: Nilijua tu tutafika huko. Huyo jamaa, Connor Stalions, aliondoka mwanzoni mwa Novemba 2023, kabla ya mechi yenu. Kocha wetu mkuu Harbaugh mwenyewe alikuwa amesimamishwa, timu ikaongozwa na msaidizi wake Sherrone Moore, na bado mlipigwa. Na 2024 makocha walianza kuongea na kwotabeki, yule mrusha pasi, kwa redio ndani ya helmeti. Redio nayo tuliiiba?

Kipanga: Kaka, kwenda kuwapeleleza wapinzani viwanjani kumekatazwa tangu miaka ya tisini. NCAA, chama cha michezo ya vyuo, iliwapiga faini ya mamilioni mwaka 2025. Mtu hapigwi faini kwa jambo ambalo hakulifanya.

Mwana Ann Arbor: Hassan Haskins wetu aliufikisha mpira mwisho wa uwanja, yaani tachidauni, mara 5 mwaka 2021. Niambie ni ishara gani inayomsukuma mtu wa ratili 300 kinyumenyume mchana kutwa. Mlisukumwa, mkasukumwa, mkachoka. Hilo ndilo linalowauma.

Fundi wa Columbus: Jamani, mpango wa 2024. Nawaomba.

Babu wa Dayton: Fundi, huyo kijana wa Ann Arbor amegusa jibu lako bila kujua. Baada ya 2021 kila mtu alisema Ohio State ni laini. Kocha wetu Ryan Day neno lile lilimwingia. Mnakumbuka Septemba 2023, tumewafunga Notre Dame 17–14 kwao, badala ya kufurahia mechi akashika maikrofoni na kumjibu mzee Lou Holtz, kocha wao wa zamani, aliyekuwa amesema hatuna ubavu. Nilipomsikia niliogopa. Kocha wa namna hiyo akikutana na Michigan hapangi mechi ili ashinde tu, anataka ashinde kwa njia itakayowanyamazisha. Kwa hiyo akawapelekea mpira mahali wao walipo na nguvu. Mimi nimeishi Ohio muda mrefu, na watu hapa bado wanamtaja Woody Hayes, kocha wetu wa zamani, kama alikufa jana. Mzigo huo kila kocha anaubeba.

Senta Mstaafu: Mzee shikamoo, lakini hapo unamwonea. Josh Simmons, aliyekuwa akilinda upande wa kushoto, aliumia kule Oregon mwezi Oktoba. Senta wetu, anayeanzisha mpira katikati, Seth McLaughlin, akakatika mshipa wa kisigino mwezi Novemba. Kwotabeki wetu Will Howard alinaswa pasi mbili, na moja, karibu kabisa na mstari wetu, ndiyo iliyowapa tachidauni yao pekee. Kocha gani ataendelea kurusha tu? Halafu tulikosa mikwaju miwili ya pointi 3. Tungeipata, leo hakuna mjadala.

Mama Zawadi: Senta, safu ya mbele ikivunjika ndiyo unazidi kupita katikati? Kwotabeki wao, Davis Warren, alirusha yadi 62 mechi nzima, naye akanaswa mara mbili! Kwa mpinzani wa hivyo pointi 17 zilitosha.

Senta Mstaafu: Dada, uchambuzi wa kijana wa miaka 16 tuuache mezani kwako.

Mama Zawadi: Mwanangu umwache kabisa. Nimetoa yadi, nimetoa majina, wewe unamjibu mtoto ambaye hayupo hapa. Jibu hoja.

Kipanga: Na Januari 2025 kombe la taifa alibeba nani kama si sisi? Tuliwafunga Tennessee 42–17, Oregon 41–21, Texas 28–14, Notre Dame 34–23. Wachezaji ni wale wale, ila mpira ulirushwa.

Mwana Ann Arbor: Bebeni kombe lenu. Bendera yetu ilifika katikati ya uwanja wenu.

Babu wa Dayton: Na vijana wakapigana hadi polisi wakapuliza pilipili. Bwana mdogo, hilo si la kujivunia, kwa upande wowote.

Sada wa Toledo: Hapa kwetu mpakani, nusu ya wenzangu kazini wanavaa bluu ya Michigan, nusu nyekundu ya Ohio State. Mimi wa nyekundu nasema wazi: kombe lile nilililia kwa furaha, lakini mwaka mzima asubuhi kazini niliulizwa 13–10, hakuna aliyeniuliza kombe. Nyie mngebadilishana?

Kipanga: Kamwe. Kombe ni kombe.

Babu wa Dayton: Mimi ningefikiria mara mbili, Sada.

Kipanga: Tena 2025 tuliwafuata kwao, 27–9. Julian Sayin anarusha, Bo Jackson anakimbia zaidi ya yadi 100. Fundi, jibu lako hilo hapo: changanya.

Mwana Ann Arbor: Wiki iliyofuata Indiana wakawafunga ngapi? 13–10.

Senta Mstaafu: Indiana hawahusiki. Mama Zawadi, umesema nijibu hoja, nami nakuuliza: robo ya nne, 10–10, senta wako ni wa akiba, Graham yuko mbele yako. Unaitisha nini?

Mama Zawadi: Egbuka anakata ndani, Smith peke yake kulia, mpira unatoka mkononi mwa Howard kabla Graham hajanyanyua kichwa. Yadi sita. Narudia kushoto kwa Tate. Wakisogea pembeni kuwafuata, ndipo nampa mkimbiaji wetu TreVeyon Henderson akimbie.